Jibu: Jina la babu halionekani kwenye rejista za zamani

Ndugu, umesema babu yako umempata kwenye daftari moja tu la ubatizo, na kwingine kote jina lake halionekani. Usikate tamaa. Mara nyingi jina lipo, ila limeandikwa vingine: karani aliandika alivyosikia, na aliyeliingiza kwenye kompyuta naye akasoma alivyoweza. Tafuta kwa herufi za mwanzo tu, kisha jaribu bila jina la ukoo, kwa jina la mkewe na mahali.

Mimi ningewaandama zaidi wasimamizi wa ubatizo na mashahidi wa ndoa. Watu huyapita majina hayo haraka, ilhali hapo ndipo wanapopatikana mashangazi, wajomba na majirani. Tazama na kumbukumbu za ndugu zake pia. Cheti cha mdogo wake kinaweza kutaja kijiji ambacho cha babu hakikutaja. Umri ulioandikwa kwenye sensa uchukue kama makadirio tu.

FamilySearch, tovuti ya kutafuta kumbukumbu za ukoo, ni bure ukijisajili. Upigaji picha wao wa nyaraka kwenye mikrofilamu (filamu zenye picha ndogo sana za kurasa) ulianza 1938, na mwaka 2021 walikamilisha kuziweka kidijitali filamu zao zaidi ya milioni 2. Lakini si zote zenye faharasa ya majina, kwa hiyo fungua kitabu chenyewe ukurasa kwa ukurasa. Inachosha, najua, ila inalipa sana.

Andika namba ya jalada na ukurasa kila unapotafuta, hata ukikosa. Wazee walio hai waulize sasa, kabla ya nyaraka.