Wikiendi ya Kisiwani na Marafiki: Anzeni na Jedwali la Maji

Marafiki wakipanga kwenda kisiwani, mazungumzo huanzia kwenye vyumba na chakula. Sisi tunashauri muanze na jedwali la kupwa na kujaa kwa maji, maana ndilo litakaloamua mtapiga kafi saa ngapi na mtazamia saa ngapi.

Maji hujaa kwa takriban saa 6, hupwa kwa saa 6, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Yakijaa saa nne asubuhi Jumamosi, Jumapili yatajaa karibu saa tano. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua: maji hupanda sana, hushuka sana, na mkondo huwa mkali. Kama kundi lina watu wageni na bahari, chagueni wikiendi ya maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Hata hivyo mkondo haulingani saa zote. Katika zile saa 6, saa ya tatu na ya nne peke yake hupitisha karibu nusu ya maji yote. Wakati huo kaeni ufukweni, msivuke mlango wa bahari.

Kwa mfano wetu wa saa nne, ratiba inakuwa hivi: maji yanakwenda kasi kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi, basi ingizeni kayaki saa mbili, fikeni kwenye miamba saa tatu na nusu, zamieni maji yakiwa yametulia mpaka saa nne na nusu, kisha rudini. Mchana nchi kavu hupata joto na upepo wa kutoka baharini huongezeka. Unaotisha zaidi ni ule unaotoka nchi kavu: karibu na ufuko huwezi kuuhisi, maji yanaonekana shwari, lakini mita 200 mbele unakusukuma bahari kuu. Ukivuma huo, msitoke.

Kabla ya kusukuma kayaki majini, hakikisha kizibo cha tundu la kutolea maji kimekazwa. Kayaki iliyoanza kuwa nzito na kuyumba huenda imejaa maji tumboni. Kwenye kayaki ya watu wawili, mwenye nguvu akae nyuma ndiye aongoze, naye afuate mapigo ya wa mbele, la sivyo makafi yatagongana. Geuza kiwiliwili kila unapovuta. Anayetumia mikono tu huchoka mapema.

Kupanda tena baada ya kupinduka kujaribiwe na kila mtu kwenye maji ya kifuani, kabla ya safari. Igeuze kayaki kwanza, kisha ishike katikati kwa mikono miwili. Hapa ndipo wengi hukosea: hujivuta huku miguu ikining'inia, nayo hupita chini ya kayaki na kuipindua tena. Iache miguu ielee nyuma yako hadi usawa wa maji, piga mateke kwa nguvu, jivute mpaka tumbo lilale juu ya kiti, geuka ukae, mwisho ingiza miguu. Jaketi la kuokolea livaliwe muda wote, hata na waogeleaji hodari.

Miwani ya kuzamia ijaribiwe bila mkanda. Iweke usoni, vuta pumzi kidogo kwa pua, achia mikono, isipoanguka, inakufaa. Ikivuja majini, usikimbilie kukaza mkanda, kwani mpira ukikazwa mno hujikunja na kuvuja zaidi. Angalia kwanza nywele zilizonaswa pembeni. Masharubu nayo hupitisha maji. Miwani mpya huwa na utando wa kiwandani unaoleta ukungu. Kama ni kioo halisi, si plastiki, sugua kwa ndani dawa ya meno isiyo ya jeli, suuza, rudia mara mbili au tatu ukiwa bado nyumbani. Baharini, tema mate kwenye kioo kikavu, yasambaze, suuza mara moja, vaa.

Mrija mrefu wa kupumulia haufai, kwa sababu unavuta tena hewa uliyokwisha kuitoa. Sentimita 35 hadi 40 zinatosha. Ukiingia maji, puliza mara moja kwa nguvu, kisha vuta pumzi inayofuata taratibu. Na tafadhali, mtu asihemeheme haraka haraka ili apige mbizi ndefu. Hilo haliongezi oksijeni ya maana. Linapunguza tu kaboni dioksaidi inayomwambia mtu apande kupumua, naye huweza kuzimia majini bila dalili. Mmoja akizama, mwenzake abaki juu akimtazama.

Msisimame juu ya matumbawe. Aina nyingi hukua sentimita chache tu kwa mwaka, na pigo moja la pezi la mzamiaji huvunja kazi ya miaka. Mgongo ukingwe kwa fulana ya mikono mirefu, ambayo haichujuki kama mafuta ya jua. Maji ya kunywa, lita 3 hadi 4 kwa kila mtu kwa siku. Pombe, baada ya vifaa vyote kutoka majini.

Mwenye mwendo mdogo kuliko wote ndiye awe kipimo cha mwendo wa kundi, na mzoefu mmoja abaki nyuma kabisa. Kila mtu awe na filimbi: mipulizo mitatu ni kuomba msaada. Mtu wa nchi kavu aachiwe idadi yenu, rangi za kayaki, njia mtakayopita, saa ya kurudi, na saa ambayo akiwa hajawasikia ataanza kupiga simu.