Kalamu ya Mfukoni Inayodumu: Maswali ya Wasomaji na Majibu

SWALI: Ndugu mhariri, mimi ni msimamizi wa ujenzi. Kalamu ninazonunua hupasuka mfukoni, huvuja wino wakati wa jua kali, na hugoma kabisa ninapoandika nikiwa nimeegemeza karatasi ukutani. Wenzangu wananishauri ninunue kalamu ya chuma, lakini majina ni mengi: Parker, Zebra, Rotring, Fisher. Ipi itanifaa? — Msomaji, Dodoma

JIBU: Ndugu msomaji, umetaja matatizo matatu ambayo watu wengi huyachanganya, na kila moja lina chanzo chake. Kupasuka ni udhaifu wa ganda la nje. Kuvuja na kugoma hutokana na mrija wa wino ulio ndani, pamoja na gololi ndogo iliyo kwenye ncha. Ndiyo maana mtu anaweza kununua ganda la chuma kwa bei kubwa, akatia ndani yake mrija hafifu, na kalamu ikamgomea vilevile kama ile ya plastiki aliyoitupa wiki iliyopita. Ninawasihi wasomaji wote wachague mrija kwanza, kisha watafute ganda linalostahili kuubeba.

Nianze na ukuta. Katika kalamu nyingi za gololi, wino huteremka kwa uzito wake wenyewe hadi kwenye ncha, na gololi inapobiringika juu ya karatasi huuchukua na kuupaka. Unapoandika ukutani, ncha huelekea juu au hulala, wino haushuki tena, na hewa huingia mahali ulipopaswa kuwa. Ganda la chuma haliwezi kuondoa tatizo hilo. Dawa yake ni mrija uliofungwa kwa shinikizo, ambao ndani yake gesi husukuma wino kuelekea kwenye gololi bila kujali kalamu imeshikwa vipi. Fisher wa Marekani hutumia gesi ya naitrojeni. Uni wa Japani, katika kalamu zake za Power Tank, hutumia hewa iliyoshindiliwa. Zote mbili huandika hata kwenye karatasi yenye unyevu, jambo ambalo mtu wa ujenzi atalithamini msimu wa mvua.

Kuhusu joto, wino wa mafuta hulainika na kuwa mwepesi unapopata moto, kisha hupenya pembeni mwa gololi, hasa ikiwa gololi hiyo imekwisha kulegea ndani ya kikombe chake. Usiache kalamu yoyote, hata ya thamani, kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani.

Sasa tuje kwenye maganda. Parker Jotter, iliyoingia sokoni mwaka 1954 ikitoka kwa kampuni iliyoanzia Janesville, Wisconsin, nchini Marekani, ndiyo ningeitaja kwanza, lakini kwa sharti moja: tafuta ile ambayo ni chuma kisichopata kutu juu na chini. Jotter ya kawaida ina nusu ya chini ya plastiki, na hapo ndipo hupasuka kwa mtu anayeinama, kupanda ngazi na kukalia vitu vyake siku nzima. Sifa kubwa zaidi ya Jotter ni umbo la mrija wake, lenye urefu wa takribani sentimita 9.8, ambalo limekuwa kipimo cha kimataifa kiitwacho G2. Watengenezaji wengine wengi, wakiwemo Schmidt na Schneider wa Ujerumani, hutengeneza mirija ya umbo hilo, na mrija wa Fisher huja na kipande kidogo cha plastiki cha kuuwezesha kuingia humo. Uwe mwangalifu dukani, kwa sababu Pilot wana kalamu yao ya jeli iitwayo G2, na mrija wake ni mrefu zaidi na hautaingia katika Jotter. Chukua kalamu yako yenyewe uende nayo, uipime papo hapo.

Rotring 600 ni ya shaba iliyochanganywa na zinki, ina pande sita zinazoizuia kubiringika mezani, na sehemu ya kushikia imekwaruzwa kwa mashine ili isiteleze katika mkono wenye jasho. Nayo hupokea mrija wa umbo la Parker. Ni nzito, na bei yake ni kubwa, kwa hiyo ningeipendekeza kwa mtu ambaye hajawahi kupoteza kalamu. Zebra F-701 ya Japani ni ya chuma na ina mkwaruzo kama huo kwa bei nafuu zaidi, ila mrija wake ni wa aina yake peke yake, na ukiishiwa katika mji ambao hauuzwi, utabaki na ganda zuri lisiloandika. Hali ni hiyo hiyo kwa Caran d'Ache 849 ya Geneva, kalamu ya alumini ya tangu 1969: mrija wake uitwao Goliath umekadiriwa na watengenezaji kuandika kurasa 600 za A4, lakini hauingiliani na mirija ya wengine.

Kwa kazi yako, basi, ningenunua Jotter ya chuma tupu na kuitia mrija wa shinikizo. Mfukoni iingize ikiwa imebonyezwa ili ncha irudi ndani, kwani vumbi la saruji likiingia pembeni mwa gololi huila taratibu, na hakuna jina la kampuni litakaloizuia.

SWALI: Shikamoo mhariri. Ninafundisha sayansi shule ya sekondari. Mwanafunzi wangu mmoja alieleza darasani kwamba Wamarekani walitumia mamilioni ya dola kubuni kalamu ya anga za juu, wakati Warusi walitumia penseli tu. Je, ni kweli? — Mwalimu, Tanga

JIBU: Marahaba, mwalimu. Kisa hicho kimezunguka dunia nzima na si cha kweli, na ninafurahi umekiuliza kwa sababu ukweli wenyewe unafundisha zaidi darasani.

Mwanzoni pande zote mbili zilitumia penseli, na Warusi walitumia pia penseli za nta. Mwaka 1965 shirika la anga za juu la Marekani, NASA, liliagiza penseli 34 za kubonyeza zilizogharimu karibu dola 129 kila moja, na wananchi wa Marekani walipozisikia bei hizo walilalamika sana. Penseli nazo zilikuwa na hatari yake: vipande vya grafiti vinavyokatika huelea ndani ya chombo, grafiti hupitisha umeme, na mbao na grafiti vyote huungua. Baada ya moto katika chombo cha anga cha Apollo 1 mwezi Januari 1967, ulioua wanaanga watatu, hakuna aliyelichukulia jambo la vitu vinavyoungua kwa wepesi.

Wakati huo Paul Fisher, mtengenezaji wa kalamu, alikuwa tayari amebuni kalamu yake ya AG7 kwa fedha za kampuni yake mwenyewe wala si za serikali. Wino wake ni mzito unapotulia, kisha hulainika gololi inapousugua, na hivyo naitrojeni inayousukuma haiufanyi utiririke ovyo. Gololi ni ya tangsteni kabaidi, yaani mchanganyiko mgumu sana wa metali na kaboni. NASA waliijaribu kwa muda mrefu, wakanunua kalamu zipatazo 400, na ikaruka kwa mara ya kwanza na Apollo 7 mwezi Oktoba 1968. Mwezi Februari 1969 Umoja wa Kisovyeti ulinunua kalamu 100 na mirija 1,000 kwa ajili ya vyombo vyake vya Soyuz. Kwa hiyo Warusi waliandika kwa kalamu hiyo hiyo.

Kampuni hiyo, iliyoko Boulder City katika jimbo la Nevada, bado inazitengeneza. Ile fupi iitwayo Bullet, yenye urefu wa takribani sentimita 9.5 ikiwa imefunikwa, hukaa mfuko wa suruali bila kuchoma paja, na kifuniko chake kikichomekwa nyuma inakuwa kalamu ya urefu wa kawaida.

SWALI: Salaam aleikum. Mimi ni muuguzi wa wodi. Kalamu nzuri kwangu haidumu kwa sababu kila mtu huiazima na hairudi. Ninunue ya bei au niendelee na Bic? Tena, mbona maandishi huchafuka nikishika karatasi baada ya kupaka dawa ya mikono? — Dada muuguzi, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam, dada. Endelea na Bic, na usijione kwamba unatumia kitu duni. Bic Cristal, aliyoianzisha Marcel Bich huko Ufaransa mwaka 1950, ni chombo kilichofikiriwa kwa makini mno. Ina pande sita ili isibiringike. Tundu dogo la ubavuni husawazisha hewa ya ndani na ya nje ili wino uendelee kushuka. Tundu la kwenye kifuniko liliwekwa ili mtoto akikimeza kikakwama kooni, hewa iendelee kupita. Gololi yake imekuwa ya tangsteni kabaidi tangu 1961, na ganda linalopitisha mwanga hukuonyesha wino uliobaki kabla haujakuacha katikati ya zamu. Kwa hapo kwenu Kenya, Haco Industries ya Nairobi ilizitengeneza kwa leseni kwa miongo mingi, ndiyo sababu zinapatikana hadi vijijini. Kalamu ya chuma iweke nyumbani, au ifunge kwa kamba shingoni.

Dawa ya mikono ina kileo, na kileo huyeyusha wino wa mafuta. Subiri mikono ikauke kabisa kabla ya kugusa kadi ya mgonjwa, kwa sababu kipimo cha dawa kikififia kinaweza kumdhuru mtu. Kileo hicho hicho kitakusaidia kutoa doa la wino kwenye sare, ukilipangusa kwa pamba kabla ya kulifua.

SWALI: Naona kalamu za wino unaofutika zinauzwa siku hizi. Mimi ni karani wa kampuni ya malori na hukosea mara kwa mara ninapojaza hati za mizigo. Je, nizitumie? — Msomaji, Tunduma

JIBU: Hapana, ndugu yangu, usizitumie kwa hati yoyote itakayosainiwa. Wino wa kalamu hizo, ambazo FriXion ya Pilot ndiyo maarufu zaidi, haufutwi na mpira bali na joto linalotokana na kusugua: ukifika nyuzi 60 za Sentigredi hupoteza rangi. Dashibodi ya lori juani inaweza kufika huko, na dereva akafika mpakani na karatasi tupu yenye mhuri. Watengenezaji wenyewe wanakataza zitumike kwa nyaraka za kisheria.

Tafuta mrija ulioandikwa DOC au ISO 12757-2, alama inayoonyesha kwamba wino wake umepimwa kwa ajili ya kumbukumbu na haufifii upesi kwa maji, mwanga au majaribio ya kuufuta. Ukikosea, kata neno kwa mstari mmoja, andika neno lililo sahihi pembeni, na utie saini yako hapo. Kama kuna hati uliyokwisha kuijaza kwa wino unaofutika na imepauka, iweke ndani ya mfuko wa plastiki kwenye friza lenye baridi ya nyuzi 10 hadi 20 chini ya sifuri. Maandishi huanza kurejea, nawe uyanakili upya kwa wino wa kudumu siku hiyo hiyo.