Beyond Evil haitaki haraka

Kwa Kikorea inaitwa Gwoemul, yaani zimwi. Ni tamthilia ya JTBC, kituo cha televisheni cha Korea Kusini, ya mwaka 2021, episodi 16, na wengi huiachia njiani kwa kosa moja: wanaitazama kama msako wa muuaji. Muuaji anajulikana kabla hata hujafika episodi ya 9. Zinazobaki zinauliza nani alijua, nani alinyamaza, na kimya hicho kilimfaidi nani.

Tazama mbili kwa siku, basi. Hata iliporushwa zilikuwa mbili tu kwa wiki, Ijumaa na Jumamosi. Ukibugia tano usiku mmoja, majina yatakuvuruga, hasa kwa kuwa Wakorea hutanguliza la ukoo. Han Ki-hwan na Han Joo-won ni baba na mwana; Lee Dong-sik na Lee Chang-jin hawana undugu wowote. Chukua karatasi, andika kila mhusika, na pembeni yake kile unachohisi anakificha. Utafutafuta na kuandika upya sana, na raha yenyewe iko hapo.

Dong-sik ndiye mgumu kuliko wote. Pacha wake, Yu-yeon, alipotea mwaka 2000, zikabaki ncha kumi za vidole, na yeye mwenyewe akashukiwa. Miaka 20 baadaye ni polisi wa kituo kidogo cha eneo la Manyang. Mtazame Shin Ha-kyun, mwigizaji wake, anapocheka: kinywa kinatangulia, macho yanabaki yamekukazia. Usiamue mapema kama ni mwendawazimu au anaigiza uwendawazimu.

Joo-won, naye polisi, anatoka Seoul, nadhifu kupita kiasi. Kiumri ni mdogo kwa Dong-sik, kicheo ni mkubwa, na vita vyao vingi vimo kwenye namna ya kuitana. Dong-sik anapomwita “gyeongwi-nim”, cheo chake pamoja na neno la heshima, sikiliza sauti: mara ni adabu, mara ni kejeli tupu. Maandishi ya tafsiri hayakuonyeshi hilo. Toleo la kutafsiriwa na DJ ndilo baya zaidi kwa kazi hii, maana sauti yake inafunika kicheko na kimya, na bila hivyo viwili hubaki na kitu.

Usiruke karamu za buchani kwa Yoo Jae-yi, ambaye mama yake naye alipotea. Zinaonekana kama za kupoteza muda: nyama, soju (pombe ya Kikorea), utani. Angalia nani anamimina, nani anaacha kula jina fulani likitajwa. Waswahili husema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Manyang linakumaliza kwa sababu linakujua.

Ukishamaliza ya 16, rudi ya 1 ukiwa na karatasi yako, umfuate Park Jung-je peke yake, yule polisi anayechora kulungu. Mara ya kwanza ulimwona mpole tu.