Jibu: Kwa nini mtaa mmoja wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, unaitwa Rosterman?

Umeuliza jina la Rosterman lilitoka wapi, ndugu. Ni jina la kampuni ya Wazungu iliyochimba dhahabu hapo tangu miaka ya 1930 hadi mgodi ulipofungwa mwaka 1952.

Mambo yalianza mwaka 1931, Mmarekani mmoja, L. A. Johnson, alipopata dhahabu mtoni karibu na Kakamega. Wakati huo bei ya mahindi ilikuwa imeporomoka na walowezi wengi walikuwa na madeni, kwa hiyo wakaacha mashamba na kumiminika huko na mahema na makarai yao.

Lakini hiyo ilikuwa ardhi ya Waluhya. Sheria ya mwaka 1930 iliahidi kwamba ardhi ya Waafrika ni yao milele, na ikichukuliwa watapewa nyingine ya ukubwa uleule, baada ya baraza lao kushauriwa. Desemba 1932 serikali ya kikoloni ikaibadilisha upesi upesi: fidia ya pesa inatosha, na baraza si lazima liulizwe. Ahadi ya milele haikufika hata miaka 3! Mimi hilo huniuma kuliko mengine yote.

Ukienda Rosterman leo, bado utakuta akina mama wamekaa chini wakiponda mawe kwa nyundo, kisha wanaosha unga wake kwenye karai na kuinasa dhahabu iliyomo kwa zebaki, mikono mitupu, halafu zebaki huchomwa ili dhahabu ibaki. Zebaki ni sumu. Kama una jamaa huko, tafadhali mwambie asiichome karibu na watoto.