Alisikia, Lakini Hakuelewa

SWALI: Ndugu Mhariri, nauza khanga Kariakoo. Juzi nilimpigia simu kijana wangu aliyekuwa stoo, nikamwambia, "Niletee ile doti ya jana." Akaitikia "sawa", kisha akaleta nyingine kabisa, na mteja akaondoka. Kosa ni la nani?

JIBU: Pole sana, dada. Mwaka 1948 mhandisi wa Marekani, Claude Shannon, alieleza mawasiliano kuwa ni safari ya ujumbe kutoka kwa mtumaji, kupitia njia ambamo kelele huweza kuuharibu, hadi kwa mpokeaji; suala la maana aliliweka kando kwa makusudi, kwa kuwa halikuhusu uhandisi. Simu yako, basi, ilitimiza kazi yake. Kilichokwama ni maana, ambayo haibebwi yote na sauti, bali msikilizaji huijenga upya kwa yale anayoyajua mwenyewe: wewe ulikuwa na doti yako akilini, naye akakumbuka ile aliyoikunja yeye. Kwa maoni yangu, hiyo "sawa" ndiyo iliyowaponza zaidi, maana ilithibitisha kusikia tu. Safari nyingine mtajie rangi ya pindo na jina lililoandikwa kwenye khanga, naye akusomee jina hilo kabla hajatoka stoo.