Mdogo wangu wa Tanga, anza na vyombo

Juzi kati binti mmoja wa kidato cha sita hapa Tanga kanitumia meseji, shikamoo dada, nataka kuwa mwanaastronomia nigundue sayari, nianzie wapi. Nimeona nijibu hapa maana mnaouliza hivyo mko wengi.

Marahaba mdogo wangu. Anza na vyombo. Kila mtu anataka kugundua, lakini sayari haionekani mpaka kuna mtu katengeneza kitu cha kuionyesha, na hiyo ndo kazi yangu. Jua letu linaizidi Dunia mwanga karibu mara bilioni 10, sasa kuitafuta sayari kama hii kwenye nyota nyingine ni kama usimame Raskazone usiku umtafute mbu kwenye karabai ya mvuvi wa dagaa kule baharini. Ndo maana kuna koronagrafu, Mfaransa Bernard Lyot aliitengeneza miaka ya 1930 ili aone korona ya Jua, ile hewa yake ya nje, bila kusubiri lipatwe, unaziba nyota katikati halafu kizuizi kingine kinakata mwanga unaovuja pembeni.

Hata ukiziba vizuri yanabaki madoadoa ya mwanga wa nyota, na doa linaweza kufanana na sayari kabisa. Hapo tunatumia kioo kinachojikunja, mgongoni kina visukumio vidogo sana, vinakisogeza kwa nanomita, na kwenye darubini za ardhini kinajirekebisha hata zaidi ya mara 1,000 kwa sekunde kufuata hewa inavyochezacheza. Kisukumio kimoja kikifa unakijua kwenye picha. Usiku ule madoa yalipofifia mbele ya macho yangu nililia maabara peke yangu, na najivunia.

Maana kuna bosi aliniambia mbele za watu nikae na data, vioo niwaachie wenzangu. Inaniuma mpaka leo. Mimi nimekulia Ngamiani kwenye kibanda cha mjomba, fundi redio, nalehemu waya toka shule ya msingi! Na chombo kilipokamilika aliyesimama kupigwa picha ni yeye.

2008 zilipotangazwa sayari tatu za nyota HR 8799, miaka nuru 130 hivi kutoka hapa, ya nne ikaja 2010, watu walishangilia picha za hizo sayari, mafundi wa vioo vya darubini za Keck na Gemini zilizozipiga nani mtaani aliwataja? Kwa hiyo usifuate sifa, mdogo wangu, shika bisibisi. Fungua redio mbovu, jifunze Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, hata kwa simu, na hesabu za Fourier, zile za kuchambua mawimbi, usizikimbie, koronagrafu yote imesimama juu ya hizo.