Maswali na Majibu: Jiko Jepesi la Kuchemshia Maji Safarini

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mwenzangu tunajiandaa kwa safari ya miguu ya siku nne milimani, na kila kitu tutakibeba mgongoni. Hatukusudii kupika, tunahitaji maji ya moto tu, ya chai na ya kumwagia chakula kikavu. Nimeona jiko la gesi lenye uzito wa gramu 25, jingine la gramu 75, na la tatu linalouzwa pamoja na sufuria yake, lenye gramu 370 hivi, ambalo tangazo lake linasema huchemsha nusu lita kwa muda usiofika dakika mbili. Je, lililo jepesi kuliko yote si ndilo bora kwetu? Tena yupo rafiki anayetushauri tuachane na gesi kabisa, tuchukue jiko la spiriti. Tunaomba ushauri.

JIBU: Ndugu msomaji, kwa safari kama hiyo ningechukua jiko la gramu 75, lile linalofungwa kwa kuzungushwa juu ya mtungi mdogo wa gesi, mradi liwe na kichomeo kipana na regyuleta, yaani kifaa kinachosawazisha shinikizo la gesi, pamoja na sufuria ya lita moja yenye kifuniko. Uzito ulioandikwa kwenye boksi la jiko ni sehemu ndogo tu ya mzigo. Sehemu kubwa ni gesi yenyewe na chuma cha mtungi, na jiko ndilo linaloamua mtabeba mtungi wa ukubwa gani.

Hesabu yake si ngumu. Lita moja ya maji yenye nyuzi 20 za Selsiasi huhitaji kilojuli 335 hivi ili yafike nyuzi 100, na gramu moja ya butani au propani hutoa takriban kilojuli 46. Kama joto lote lingeingia majini, gramu 7 na ushee zingetosha kwa lita. Lakini joto jingi hupita kando ya sufuria na kupotelea hewani, kwa hiyo mahali palipokingwa vizuri mtu hutumia gramu 10 hadi 15 kwa lita, na palipo wazi kwa upepo anaweza kutumia maradufu, au maji yakakataa kuchemka kabisa. Ninyi wawili mtachemsha yapata lita mbili kwa siku, yaani lita nane kwa safari nzima. Jiko linalotunza gesi litawavusha kwa gramu 80 hadi 100. Linaloipoteza litapita 120.

Sasa, mitungi hii kwa kawaida huuzwa ikiwa na gesi ya takriban gramu 100, 230 au 450. Ule mdogo, ukiupima pamoja na chuma chake, una gramu 200 hivi. Wa kati hukaribia 380. Basi jiko la gramu 25 litawapunguzia gramu 50 dukani, lakini likiwa la kupoteza gesi kiasi cha kuwalazimisha mchukue mtungi wa kati badala ya mdogo, mtakuwa mmejitwika gramu 180 za ziada ili kuokoa hizo 50. Wanaojisifu kwa wepesi wa majiko yao mara nyingi hawaitaji hesabu hiyo ya pili.

Na lile la gramu 370? Ni jiko zuri, na uzito wake unajumuisha sufuria, kwa hiyo msililinganishe na jiko tupu. Chini ya sufuria yake pana mapezi ya chuma yanayonasa joto ambalo lingepita pembeni, na kwa mtungi wa gramu 100 mtu anaweza kupata lita kumi hivi za maji yaliyochemka. Lakini jiko la gramu 75 na sufuria nyepesi ya alumini au titani havizidi gramu 220 kwa pamoja. Tofauti ya gramu 150 haiwezi kulipwa na gesi itakayookolewa katika lita nane tu. Mngekuwa mnakwenda siku nyingi zaidi, au mahali penye upepo mkali usiokoma, au mnayeyusha theluji ili kupata maji, ningewaambia mlichukue bila kusita.

Kabla ya kununua jiko lolote, kitazameni kwa makini kichwa cha kichomeo. Katika majiko mepesi kupita kiasi, kichwa hicho huwa kidogo kama kifungo cha koti, kimebinuka kuelekea juu, na matundu yake hayana ukingo wowote. Upepo ukipiga, ndimi za moto hulala upande mmoja, na kitako cha sufuria kikabaki kinapashwa nusu. Kichomeo kizuri kina uso mpana uliobonyea katikati, ukingo uliosimama kuzunguka matundu, na mikono mifupi ya kushikilia sufuria, ili chuma kikae karibu na moto bila kuukandamiza. Wekeni sufuria yenye lita moja ya maji juu ya mikono hiyo, muisukume kidogo kwa kidole. Ikiyumba pale kwenye sakafu tambarare ya duka, kwenye mawe na udongo itamwagika.

Muda wa kuchemsha unaotangazwa usiwasumbue. Hupimwa ndani ya chumba kisicho na upepo, kwa mtungi uliojaa na maji ambayo si ya baridi sana, na mara nyingi kwa moto uliofunguliwa hadi mwisho. Majiko mengi ya aina hii yana nguvu ya kilowati 2.5 hadi 3, lakini moto ukiachwa wote hupanda ubavuni mwa sufuria na kuchoma mpini kuliko maji. Upunguzeni mpaka ndimi ziishie ndani ya kitako, mfunike sufuria, na mtachelewa dakika moja tu huku mkiokoa gesi nyingi. Kwa sababu hiyohiyo napendelea sufuria pana kuliko kikombe kirefu chembamba.

Kuhusu upepo, lipeni jiko kinga ya upande mmoja tu: jiwe kubwa, mikoba, au bamba jepesi la alumini upande unakotoka upepo. Msilizungushie bamba hilo pande zote kwa jiko linalokaa juu ya mtungi, hata kama mtawaona wengine wakifanya hivyo, kwa kuwa joto linalorudi chini huupasha mtungi, shinikizo la ndani hupanda, na mtungi unaweza kupasuka. Gusieni ubavu wa mtungi mara kwa mara. Ukihisi moto mkononi, zimeni mara moja.

Baridi ina taabu yake. Ndani ya mtungi gesi imo katika hali ya kimiminika, na ni lazima igeuke mvuke ndipo iwake. Butani ya kawaida huacha kugeuka mvuke ikifika nyuzi 0.5 chini ya sifuri, isobutani ikifika kama nyuzi 12 chini ya sifuri, na propani hustahimili hadi 42 chini ya sifuri. Someni maandishi ya mtungi, na kama alfajiri za huko mwendako ni za barafu, chagueni mchanganyiko wa isobutani na propani, si butani tupu. Kumbukeni pia kwamba kule kugeuka mvuke hunyonya joto la mtungi wenyewe: hata pasipo na barafu nje, mnaweza kuona ukungu mweupe ukishika nusu ya chini ya mtungi, hasa ule ulio karibu kuisha, na moto ukianza kunyong'onyea. Hapo ndipo regyuleta inapoonyesha faida, maana hushikilia moto katika kiwango kimoja wakati shinikizo linashuka, ingawa haiwezi kuumba shinikizo ambalo halipo. Laleni na mtungi ndani ya mfuko wa kulalia, na asubuhi mkiona moto ni dhaifu, usimamisheni mtungi katika kisahani chenye maji ya uvuguvugu. Msithubutu kuupasha kwa moto.

Rafiki yenu wa spiriti hajakosea kabisa. Jiko la spiriti halina vali wala tundu la kuziba, halipigi kelele, na mengine hayafiki gramu 30. Kwa mtu mmoja anayelala nje usiku mmoja au miwili na kuchemsha nusu lita tu, linaweza kuwa jepesi kuliko gesi. Lakini spiriti ina nishati kidogo zaidi ya nusu ya ile ya gesi kwa kila gramu, na kwa lita nane mtahitaji kubeba gramu 240 au zaidi, bila kuhesabu chupa. Moto wake hauonekani vizuri mchana, na watu wameungua kwa kuongeza spiriti katika jiko walilodhani limezimika. Tena katika maeneo mengi yenye nyasi kavu, majiko yasiyo na kitufe cha kuzimia hupigwa marufuku wakati wa kiangazi, huku ya gesi yakiruhusiwa. Vidonge vya kemikali vinavyochomwa badala ya kuni navyo ni vyepesi, ila vinanuka na huacha masizi yenye kunata. Mimi huviona vya dharura. Majiko ya kupampu ya mafuta ya taa au petroli ni imara sana kwenye baridi kali, ila kwa chai na chakula cha siku nne ni mzigo wa bure.

Mwisho, kama jiko lina kiberiti chake cha kubonyeza, kifurahieni lakini msikitegemee, kwa kuwa unyevu na mwinuko hukifanya kigome. Bebeni viberiti viwili vya kawaida, kila kimoja katika mkoba wake.

SWALI: Nitajuaje gesi iliyobaki katika mtungi uliokwisha kutumika? Nina mitatu nyumbani na sitaki kuibeba yote.

JIBU: Uweke juu ya mizani ya jikoni. Uzito wa gesi umeandikwa kwenye mtungi, kwa hiyo ukipima mtungi mpya wa aina hiyohiyo na kutoa uzito huo, utapata uzito wa chuma kitupu; andika tarakimu hiyo kwenye kitako kwa kalamu isiyofutika, na kuanzia hapo hesabu ni ya kutoa tu. Ukiwa safarini bila mizani, uache uelee kwenye maji yaliyotulia: kadiri gesi inavyopungua, ndivyo mtungi unavyoelea juu zaidi, na baadhi ya mitungi imechorwa mistari ubavuni kwa kazi hiyo. Kuutikisa karibu na sikio kutakuambia kwamba kuna gesi, basi.

SWALI: Mvua ikinyesha, je, naweza kuchemshia maji ndani ya hema?

JIBU: Hapana. Kila jiko linalochoma gesi, spiriti au mafuta hutoa kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na ndani ya hema lililofungwa inaweza kumpoteza mtu fahamu kabla hajatambua kinachoendelea. Hutoka kwa wingi zaidi pale sufuria pana na baridi inapougandamiza moto. Zaidi ya hayo, kitambaa cha hema huyeyuka na kushika moto kwa haraka. Ikibidi sana, tumia ukumbi wa mbele ya hema, milango ikiwa wazi pande mbili, wewe ukiwa upande wa kutokea, na usiliache jiko peke yake hata kwa nusu dakika.

SWALI: Nimesikia kwamba juu mlimani maji huchemka kabla hayajapata joto la kutosha. Je, yanafaa kunywewa?

JIBU: Yanafaa. Ni kweli kwamba kiwango cha kuchemka hushuka kwa takriban nyuzi 1 kwa kila mita 300 za mwinuko, hivi kwamba katika mita 3,000 maji huchemka kwenye nyuzi 90 hivi. Joto hilo bado huua vimelea vya maradhi, ila yahitaji muda zaidi: kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kinashauri maji yatokote dakika 1 mahali pa chini na dakika 3 kuanzia mita 2,000 hivi kwenda juu. Ziingize dakika hizo katika hesabu ya gesi kama maji yako yote ya kunywa yatatoka kwenye vijito.

SWALI: Naweza kusafiri kwa ndege na jiko langu?

JIBU: Jiko ndiyo, mradi liwe safi na lisilo na harufu ya mafuta, na uulize shirika la ndege mapema kwa kuwa mengine ni makali zaidi. Mtungi wa gesi haupandi ndege ya abiria, si mkononi wala kwenye mizigo, hata ukiwa umebaki na gesi kidogo. Utalazimika kuununua uendako, kwa hiyo hakikisha kwanza kwamba mitungi inayopatikana huko ni ile ya kuzungushwa yenye alama ya kiwango cha EN 417. Ipo mitungi ya kutoboa na ya kubana ambayo haiingiliani na jiko hilo bila kiunganishi.